Mpiga ogani, mtunzi na mwalimu wa muziki: mwongozo kamili wa kuianza na kuijenga kazi hii

Zamani huko Ulaya, aliyeshika ogani ya kanisa mara nyingi ndiye aliyetunga muziki wa ibada, na ndiye aliyewafundisha vijana wa mji kupiga. Johann Sebastian Bach aliajiriwa Arnstadt, Ujerumani, mwaka 1703 akiwa na miaka 18 tu. Alipohamia Leipzig mwaka 1723 alikabidhiwa muziki wa makanisa ya mji pamoja na wavulana wa shule ya Mtakatifu Thoma.

Kwa Waafrika mfano ninaoupenda zaidi ni Fela Sowande wa Nigeria, aliyezaliwa mwaka 1905. Aliimba utotoni katika kanisa kuu la Kianglikana la Lagos, akajifunza ogani kwa T.K.E. Phillips aliyekuwa akipiga hapo hapo, kisha akaenda London. Huko alipiga jazi ili kujikimu, na mwaka 1943 akapata cheti cha juu kabisa cha Royal College of Organists. Alikuwa mpiga ogani wa kanisa la Wamethodisti London, akatunga vipande vya ogani juu ya tuni za Kiyoruba, na baadaye akafundisha katika vyuo vikuu vya Marekani. Kwake kupiga, kutunga na kufundisha vilikwenda pamoja maisha yake yote.

Mwongozo huu ni kwa kijana wa Tanzania, Kenya au Uganda ambaye tayari yuko kwenye kwaya ya parokia au usharika, anagusa kinanda kidogo, na anataka jambo hili liwe kazi yake. Ninashikilia jambo moja tangu mwanzo: yote matatu yanatokana na wimbo wa ibada unaopigwa vizuri kila wiki. Anayeruka hatua hiyo ili akimbilie vipande vikubwa vya kuonyesha vidole, nyimbo atakazotunga hazitaimbika, na wanafunzi wake watamkimbia.

1. Pata chombo, na ukielewe

Ogani za mabomba ni chache kwetu. Nairobi ipo kwenye Kanisa Kuu la All Saints, na Zanzibar ipo kwenye Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini. Ukipata nafasi, omba ukae karibu na mpigaji umtazame mikono na miguu. Wengi wetu tutajifunzia kinanda cha umeme, na hilo halina ubaya. Kinanda cha vitufe 61 kina okteva tano, na hizo zinatosha kabisa kwa nyimbo za ogani.

Kabla ya kuanza mazoezi, fanya mambo matatu kwenye kinanda hicho. Chagua sauti ya ogani ya kanisa. Zima midundo ya kujipiga yenyewe. Kisha zima ule mpangilio unaofanya sauti iwe kubwa ukigonga kwa nguvu, kwa sababu kitufe cha ogani hakijali umekigonga vipi: bomba linapata upepo au halipati. Ukizoea kupata hisia kwa kugonga kwa nguvu, siku utakayokaa kwenye ogani halisi mikono yako haitakuwa na la kufanya.

Elewa pia stopi. Kila stopi ni safu ya mabomba yenye aina yake ya sauti, na namba iliyoandikwa juu yake ni urefu wa bomba la nota ya chini kabisa, kwa futi. Stopi ya 8 inatoa sauti ile ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Bomba likiwa nusu ya urefu huo sauti inapanda okteva moja, kwa hiyo stopi ya 4 iko okteva juu, na ya 16 iko okteva chini. Kuwasindikiza waamini, anza na stopi ya 8 iliyo imara, ongeza ya 4 ili watu waisikie melodia, na weka ya 16 kwa miguu tu. Ukiiweka 16 kwenye mikono, kodi (nota zinazopigwa pamoja) za chini zitavurugika na waimbaji hawatasikia Doh iko wapi.

Mwenye kompyuta anaweza kupakua GrandOrgue, programu ya bure inayotoa sauti zilizorekodiwa kwenye ogani halisi, na kuiunganisha na kinanda kwa waya wa USB. Weka pia betri za akiba. Umeme hukatika katikati ya misa, na kwaya inakutegemea wewe.

2. Soma solfa na stafu, zote mbili

Kwaya zetu zimelelewa kwa solfa, na hazina la kuonea aibu. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni Afrika Kusini, alitunga mwaka 1897 tuni ambayo leo ni ya wimbo wa taifa wa Tanzania, na nyimbo zake aliziandika kwa solfa. Solfa inakufundisha kusikia: ukiona *s* unajua inataka kwenda wapi kabla hujagusa kitufe.

Ila nyimbo za ogani zimeandikwa kwa stafu, yaani nota juu ya mistari mitano, na mara nyingi stafu tatu pamoja: mikono miwili na miguu. Kwa hiyo chukua wimbo ulioujua kwa solfa, uandike wewe mwenyewe kwa stafu kwa mkono, kisha uupige. Fanya hivyo kwa nyimbo kadhaa, na baada ya muda mfupi utashangaa jinsi macho yalivyozoea. Nota za bure hazikosekani: tovuti ya IMSLP ina kazi za Bach na wengine wengi ambao haki zao zimekwisha muda, na Swahili Music Notes ina hazina kubwa ya nyimbo za Kikatoliki za Kiswahili.

Jambo moja zaidi kuhusu ufunguo. Vinanda vya umeme vina kitufe cha kuhamisha sauti, na wapigaji wengi hupiga kila wimbo kwa Doh C, kisha kitufe kinahamisha. Achana nacho mapema. Jifunze C, F, G, D na B bemoli kwa vidole, halafu E bemoli na A. Siku ya kupiga ogani ya mabomba kitufe hicho hakipo.

3. Wimbo mmoja wa ibada, namna ya kuufanyia kazi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Chukua wimbo wa sauti nne kutoka kitabu cha nyimbo cha kanisa lako. Walutheri wana bahati, maana kitabu chao kimejaa tuni za Kijerumani ambazo Bach mwenyewe alizifanyia kazi.

Kwanza uimbe, melodia kwa maneno, kisha besi kwa solfa. Besi usiyoweza kuiimba hutaipiga vizuri. Halafu piga besi peke yake kwa mkono wa kushoto. Ongeza sauti ya tena, ile ya wanaume ya juu. Pale ambapo tena iko mbali sana na besi, mkono wa kulia uichukue. Weka alama ya penseli kwenye karatasi ili usiwe unaamua upya kila mara. Piga soprano na alto kwa mkono wa kulia peke yake. Mwishoni unganisha zote, polepole kiasi kwamba huwezi kukosea. Ukikosea mara mbili mahali pamoja, ujue mwendo bado ni mkubwa.

Ogani haina ile pedali ya piano inayounganisha sauti. Kidole kikitoka, sauti imekatika. Dawa yake ni kubadilisha vidole juu ya kitufe kimoja: unabonyeza kwa kidole cha tatu, kisha bila kuachia unaweka cha tano mahali pake, na cha tatu kinakuwa huru kwenda kwingine. Mwanzoni ni zoezi la kuchosha, ila ndilo linalotenganisha mpiga piano na mpiga ogani.

Nota zinazojirudia zina kanuni yake. Melodia ikirudia nota ile ile, mathalani *s s s*, lazima uachie katikati kwa muda unaohesabika, karibu nusu ya nota, la sivyo waamini watasikia nota moja ndefu na kupotea. Alto na tena zikirudia nota unaweza kuziunganisha, ili wimbo usiwe wa kudonoadonoa. Na kwa kuwa huwezi kukaza nota kwa nguvu ya mkono, mkazo unatokana na ukimya mdogo unaoiachia kabla yake.

Miguu inakuja baada ya mikono kutulia. Ogani nyingi zina vitufe 30 au 32 vya miguu. Vaa viatu vyepesi vyenye kisigino kidogo, weka magoti karibu, tumia ncha ya ndani ya kiatu. Usipokuwa na vitufe hivyo vya miguu, yaani pedali, nyumbani, piga besi peke yake kwa mkono wa kushoto na sauti tatu za juu kwa mkono wa kulia. Sikio linazoea kuitenga besi, na siku ya kupata pedali nusu ya kazi imekwisha. Bach alikusanya nyimbo fupi za ogani katika *Orgelbüchlein*, na kwenye ukurasa wa kwanza akaandika kwamba ni za mpiga ogani anayeanza, ili pia azoee pedali. Chagua ile iliyo rahisi kwako, uikalie.

4. Kuongoza watu kwa kinanda

Kupiga bila makosa nyumbani ni tofauti na kuongoza watu mia tano waimbe pamoja.

Utangulizi wako uwaambie waamini mambo matatu: ni wimbo gani, uko ufunguo gani, na unakwenda mwendo gani. Mstari wa kwanza na wa mwisho unatosha. Mwendo wa utangulizi uwe ule ule wa wimbo. Wapigaji wengi huanza haraka kisha wakapunguza, na kwaya inaingia ikiwa imechanganyikiwa. Mwisho wa kila beti, shikilia kodi kwa thamani yake yote, achia, vuta pumzi pamoja na watu, kisha ingia. Pumzi hiyo ihesabiwe: pigo moja kila mara, isibadilike beti kwa beti.

Imba kimoyomoyo maneno wakati unapiga. Utajua wapi watu wanahitaji hewa, na wapi mstari unaendelea bila koma.

Jua kalenda. Kwa Wakatoliki, maelekezo ya Misale ya Kirumi yanasema wakati wa Kwaresima ogani na vyombo vingine vitumike kusindikiza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne ya Kwaresima, sherehe na sikukuu. Wakati wa Majilio vinatumika kwa kiasi. Paroko akikuta unapiga kipande kirefu cha furaha Dominika ya pili ya Kwaresima, kosa ni lako. Panga nyimbo na mwalimu wa kwaya mapema wiki hiyo, na usisubiri kuletewa orodha asubuhi ya Dominika.

5. Kutunga: anzia kwenye maneno

Kwa Kiswahili utunzi unaanza mdomoni. Soma maneno kwa sauti, taratibu, kama msomaji mzuri wa Neno, na uweke alama kwenye kila silabi yenye mkazo. Kiswahili kina ukarimu kwa mtunzi, kwa sababu karibu kila neno lina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Silabi hiyo ndiyo inayostahili pigo zito la kipimo, au nota ndefu, au nota ya juu. Nyimbo nyingi zilizotafsiriwa kutoka Kijerumani au Kiingereza zinasumbua sikio kwa sababu tuni ilikuwepo kabla ya maneno, na mkazo ukaangukia popote.

Chukua Zaburi ya 23: «Bwana ndiye mchungaji wangu». Mikazo ni BWA-na, NDI-ye, m-chu-NGA-ji, WA-ngu. Kwa mapigo mawili kwa kipimo unaweza kupanga hivi:

| Bwa – na | ndi-ye m-chu | nga – ji | wa – ngu |

Kipimo cha kwanza, cha tatu na cha nne vina nota mbili za pigo moja moja. Cha pili kina nne za nusu pigo. Angalia kwamba kila kipimo kinaanza na silabi yenye mkazo, na sentensi inatamkika kama inavyozungumzwa. Angalia pia ile *m* ya «mchungaji»: ina silabi yake, kwa hiyo inahitaji nota yake, ila fupi, maana mdomo umefungwa. Kwenye «mtu» na «nchi» mambo yanageuka, mkazo uko kwenye *m* na *n* zenyewe. Kwenye «mbingu» hakuna silabi ya *m*. Ni mbi-ngu, nota mbili. Mtunzi asiyejua tofauti hii atawalazimisha waimbaji waseme «mu-mbingu», na wataisema.

Melodia ikishapatikana, andika besi, kisha sauti za kati. Waandikie waimbaji ulio nao. Kwa mwimbaji wa kawaida wa kwaya, soprano isipite G ya juu ya stafu wala kushuka chini ya C ya kati. Besi isishuke chini ya F. Waimbaji wengi wa tena katika kwaya zetu huchoka haraka wakikaa juu ya E, kwa hiyo waache wapande, kisha uwashushe wapumzike. Kama kwaya yako ina tena wawili tu, tunga sauti tatu. Wimbo wa sauti tatu unaoimbwa vizuri una thamani kuliko wa nne unaoyumba.

Vitabu vya haramoni vinakataza sauti mbili kwenda sambamba kwa umbali wa tano au okteva. Jifunze kanuni hiyo na uifuate unapoandika kwa mtindo wa Kizungu. Lakini Wagogo wa Dodoma wana uimbaji wa sauti nyingi ambao unakwenda sambamba kwa nne na tano, na ni mzuri mno. Sikiliza rekodi za Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo. Ukichukua tuni ya Kigogo ukaibana kwa kodi za Bach, utakuwa umeua kile kilichokuvutia. Amua mapema unaandika kwa lugha ipi ya muziki.

Zoezi ninalowapa wanafunzi wote ni kuchukua wimbo wa asili, wa kubembeleza mtoto au wa kulima, na kuutengenezea sauti nne na utangulizi wa ogani. Kazi ya namna hii imezaa jambo kubwa: kabla ya uhuru wa Kenya mwaka 1963, kamati ya wanamuziki watano, wakiwemo George Senoga-Zake na Washington Omondi, ilichukua tuni ya Wapokomo na kuifanya wimbo wa taifa.

Andika nota zako kwa MuseScore, programu ya kuandikia nota kwenye kompyuta, ni ya bure na inatosha kabisa. Waliozoea programu ya Finale wanapaswa kuhama, kwa sababu kampuni yake ilitangaza Agosti 2024 kuacha kuiendeleza. Hamisha kazi zako kwa muundo wa MusicXML, unaofunguka kwenye programu nyingine, kabla kompyuta yako haijaharibika. Kisha peleka wimbo kwa kwaya, usikilize, na urekebishe. Pale ambapo kwaya nzima inakosea mahali pamoja kila mara, mara nyingi tatizo liko kwenye karatasi. Kwa Wakatoliki, wimbo wa liturujia uupeleke pia kwa paroko au idara ya liturujia ya jimbo ukaangaliwe maneno.

6. Vyeti na vyuo

Mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ina madaraja 1 hadi 8 na inafanyika katika nchi zetu. Ogani ina mitihani yake, ila ukikosa chombo fanya piano, vidole havitapotea. Kumbuka kwamba kabla ya daraja la 6 la kupiga, ABRSM inadai uwe umefaulu nadharia daraja la 5 au kilicho sawa nayo, kwa hiyo usiiache nadharia nyuma. Royal College of Organists ina ngazi tatu zake kwa wanaotaka kwenda mbali.

Kwa masomo ya muda mrefu, Tanzania kuna TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira karibu na Arusha. Kenya kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta na Kenya Conservatoire of Music ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1944. Uganda kuna Makerere na Kyambogo. Unayetaka kuajiriwa kufundisha shuleni, hakikisha kozi yako ina ualimu ndani yake, si muziki peke yake. Uliza hilo kabla ya kulipa ada.

7. Kufundisha

Anza na mwanafunzi mmoja. Kwa mtoto, nusu saa kwa wiki inatosha ikiwa nyumbani anafanya mazoezi mafupi kila siku, na mzazi aambiwe hivyo siku ya kwanza. Kila somo liwe na wimbo anaoujua, kitu cha kusoma ambacho hajawahi kukiona, na kuimba. Mwanafunzi ambaye haimbi atapiga kwa macho tu.

Mfundishe kukaa: mgongo wima, viwiko viko huru, kidole gumba kisining'inie nje ya kinanda. Ukimwona amekunja uso na mabega yamepanda, punguza mwendo badala ya kumwambia atulie. Na mpe nafasi kanisani mapema, hata kama ni wimbo mmoja wa matoleo. Kenya, tamasha la muziki la shule na vyuo, ambalo mizizi yake ni mwaka 1927, linawapa walimu sababu nzuri ya kuandaa wanafunzi mbele ya majaji. Tafuta jukwaa kama hilo hapo ulipo, au kwaya za dekania zikutane mara kwa mara.

8. Kipato na haki zako

Posho ya kanisa peke yake mara chache inamlisha mtu. Wanaoishi kwa kazi hii huchanganya: ibada za wiki, ndoa na mazishi, wanafunzi wa nyumbani, vipindi vya shule, kuchapa nota za wengine, na kupanga muziki kwa kwaya zinazorekodi. Kuchapa nota ni mlango mzuri kwa anayeanza, kwa sababu unalipwa huku unajifunza namna wenzako wanavyotunga.

Ongea na kanisa mapema, kwa heshima, na mwandikiane: ibada ngapi kwa wiki, mazoezi siku zipi, posho inatolewa lini, nani analipia matengenezo ya kinanda, na kama ruhusa ya kufundishia hapo ipo. Usione haya. Mtu wa umeme na fundi wa paa nao wanaandikiana na kanisa.

Kuhusu nyimbo zako, Tanzania na Kenya hakimiliki inalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Utazisajili kwenye ofisi za hakimiliki: Tanzania COSOTA, Kenya KECOBO. Kwenye kila karatasi andika jina lako, mahali na tarehe, na uhifadhi faili halisi la programu pamoja na PDF mahali pawili tofauti. Kwaya ikitaka kurekodi wimbo wako, ruhusa iwe ya maandishi, ikitaja ni rekodi ipi, jina lako litaandikwaje, na malipo ni yapi. Ukitaka kuutoa bure, andika hilo nalo.

Ukipanga wimbo wa mtunzi aliye hai, omba ruhusa yake kwanza. Wa asili hauna mtunzi anayejulikana, lakini taja kabila na mtu aliyekuimbia, maana mtafiti au mtunzi mwingine atauhitaji ushahidi huo baadaye.